Mkia wa Kondoo na Moyo wa Baba

Wengine wakisikia harufu ya chapati zikigeuzwa kwenye mafuta moto hutabasamu. Mimi hukasirika. Kila Desemba jirani yangu huanza kukanda unga asubuhi mapema, na harufu ile ikishavuka ua na kuingia ndani kwangu, nafunga dirisha kama mtu aliyeona moshi. Wanangu hucheka. Wanasema mama yao ndiye mtu pekee Kenya nzima anayegombana na Krismasi. Wao nimewaambia sababu nusu nusu tu. Ninyi nitawaeleza yote.

Nilikuwa darasa la tano, miaka ya sitini ikielekea kuisha. Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai, mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Mogogosiek, katika nyumba za mawe zilizopangwa mstari kama madawati. Wazazi wangu walikuwa wametoka Kisii kabla sijazaliwa. Baba alikuwa nyapara wa wachumaji chai, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Na alikuwa mnene. Siku hizi neno hilo husemwa kwa kunong'ona, lakini wakati ule lilikuwa sifa. Akipita kati ya mistari ya chai, koti lake la kaki limembana mgongoni na tumbo limetangulia, kila mchumaji aliinamisha kichwa na vidole vikaongeza mwendo. Watu walimpongeza Mama kwa tumbo la Baba kama vile wangempongeza kwa ng'ombe mwenye maziwa mengi.

Mwezi wa kumi na moja Baba akaanza kusimama katikati ya mlima. Alijifanya anaangalia chai, lakini mimi niliyetembea naye kwenda kanisani nilimsikia akihema. Mama akamlazimisha kwenda dispensari ya kambi, nami nikaenda kwa sababu nilikuwa na kidonda mguuni. Daktari alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani. Alimsikiliza Baba kifua, akampima, akamsikiliza tena.

"Bwana nyapara," akasema, "punguza mwili, ama mwili utakupunguza wewe. Moyo wako umechoka. Nyama ya mafuta, wacha. Chapati, nusu. Chai, bila sukari."

"Na Krismasi?" Baba akauliza.

"Moyo haujui Krismasi."

Baba alicheka njia nzima kurudi nyumbani. Mama hakucheka. Alikuwa na mimba kubwa, na alijua kwamba wiki ya Krismasi mzee wa kanisa huitwa kila nyumba kuombea chakula, na anayeombea chakula hawezi kukikodolea macho tu. Mtoto alizaliwa katikati ya Desemba. Mama asingeweza kutoka. Kwa hiyo asubuhi ya Krismasi, akiwa amelala na mdogo wangu kifuani, aliniita kando ya kitanda.

"Moraa, leo wewe ndiye mimi," akasema. "Aanze na mboga. Nyama kipande kimoja, isiyo na mafuta. Wakitaka kumwongeza, mvute koti. Akikataa kusikia, mvute tena."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilijiona nimepewa cheo kikubwa kuliko cha nyapara.

Tulipotoka kanisani tulianza na nyumba ya karani wa kambi. Mkewe alikuwa amepika chapati tangu alfajiri, zimepangwa sinia nzima, zinang'aa. Alimwekea Baba tatu, akazimwagia mchuzi uliokuwa na macho ya mafuta juu yake. Nikavuta koti. Baba akanipapasa mkono. Nikavuta tena, kwa nguvu.

"Mama, huyu mtoto amebanwa," Baba akamwambia mwenyeji kwa upole. "Hebu mwonyesheni choo."

Nikashikwa mkono, nikapelekwa nyuma ya nyumba hadi chooni, nikasimama humo ndani bila haja yoyote, nimekunja ngumi. Niliporudi sahani ya Baba ilikuwa tupu, na alikuwa akijipangusa midomo kwa kitambaa kama mtu asiye na kosa.

Nyumba ya pili Baba alijaribu, nitasema ukweli. Alichukua vipande vikubwa vya kuku akavihamishia kwenye sahani yangu. Lakini mwenye nyumba, mama mmoja mwenye sauti ya kanisa, alimwona, akasema mbele ya wageni wote, "Ai, huyu msichana ni mlafi! Mpaka anakula ya babake!" Wakacheka wote. Baba naye akacheka. Kisha yule mama akamjazia sahani upya, na chapati mbili juu, kufidia alichonyang'anywa na mlafi. Machozi yalinijaa. Nilikuwa nimeshiba hadi shingoni, na njaa ya mtu mwingine ndiyo iliyonipa jina baya.

Ikabaki nyumba ya Mzee Kirui, na hiyo sharti niieleze.

Mzee Kirui hakuwa wa kambi. Alikuwa Mkipsigis mwenye shamba lake ng'ambo ya kijito, ng'ombe wake, chai yake kidogo na mahindi yake. Miaka miwili kabla ya siku hiyo ng'ombe wake waliingia kwenye kitalu cha miche ya kampuni, wakakanyaga. Baba, kwa kuwa ndiyo kazi yake, aliwafungia siku mbili hadi meneja aliporudi safari. Ndama mmoja hakuinuka tena. Tangu hapo Mzee Kirui na Baba walipishana kijitoni kama mawe. Wakati wa kiangazi wanawake wa kambi walizuiwa kupita kwake kwenda kuchota maji kwenye chemchemi, na Mama alikuwa mmoja wao. Kisha, wiki moja kabla ya Krismasi, mke wake Mama Chebet alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwetu, akasimama, akasema, "Mzee anasema nyapara akuje siku ya Krismasi akule kwetu."

Mimi nilijua hayo yote kwa jinsi watoto wanavyojua mambo, yaani bila kuyapima. Kichwani mwangu kulikuwa na hesabu moja tu: chapati tatu, kuku, chapati mbili.

Tulivuka kijito na kupanda. Baba alisimama mara mbili. Boma la Mzee Kirui lilikuwa limefagiwa, na harufu ya kondoo aliyechomwa ilitufikia kabla ya sauti za watu. Walikuwepo majirani wake watatu, wazee, wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu. Mama Chebet alileta ugali wa wimbi, mweusi, unatoa moshi, na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuganda, kilichosafishwa kwa makaa ya mti wao hata maziwa yakawa na rangi ya majivu. Baba aliomba. Aliomba sala ndefu kuliko ya kanisani, na alipotaja neno "jirani" sauti yake ilikwaruza.

Alikula nyama. Alikunywa mursik. Nikavuta koti, hakugeuka. Kisha Mzee Kirui akainuka, akachukua kisu, akaukata mkia wa kondoo, ule mnene uliojaa mafuta matupu, mweupe, unaotetemeka. Wazee wakaacha kutafuna. Akamletea Baba kwa mikono yake miwili.

"Nyapara," akasema, "hii ni yako. Ile maneno ya ng'ombe tumemaliza."

Nikavuta koti hadi nikasikia uzi ukikatika. Baba akanyoosha mikono. Hapo ndipo hasira ya siku nzima, ya choo na ya ulafi, ilipofurika.

"Msimpe!" nikapiga kelele. "Msimpe hiyo! Mnataka kumuua Baba! Mtamuua!"

Kuku waliacha kuparua, au mimi niliacha kuwasikia. Mzee Kirui alibaki ameinama na ule mkia mikononi.

"Mtoto anasema nini?" akauliza polepole. "Anasema hapa kwangu tunaua watu?"

Baba aliniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kabla wala baadaye. "Omba msamaha," akasema. "Sasa hivi." Nilijaribu kueleza habari ya daktari, lakini maneno yalitoka na kamasi, na Baba hakunisaidia hata kwa neno moja. Angeweza kusema ni kweli, niko na ugonjwa. Maneno matano tu. Nikaomba msamaha. Kisha, huku wote wakimtazama, akaupokea ule mkia, akaula wote, hadi mwisho, akalamba vidole. Wazee wakaanza tena kuongea. Niliwachukia, na yeye nikamchukia zaidi.

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Baba hakunisemesha. Tulivuka kijito, tukaanza kuupanda mlima wa upande wetu, chai ikiwa imetuzunguka kila mahali, kijani tupu, hakuna mchumaji hata mmoja kwa sababu ya sikukuu. Katikati akasimama. Nikadhani anaangalia chai. Kisha akakaa chini njiani na koti lake zuri, uso umekuwa rangi ya yale maziwa, jasho linamtiririka.

"Moraa," akasema, "ngoja kidogo."

Kambi ilikuwa mbali juu. Boma la Mzee Kirui lilikuwa karibu zaidi, ng'ambo ya kijito. Nilikimbia chini, nikavuka. Nilipofika langoni nikasimama. Nilijua watakalosema: nenda zako, si ulisema tunaua? Mama Chebet ndiye aliyeniona. Hakuniuliza kitu. Aliita kwa Kikipsigis, neno moja tu, na Mzee Kirui akatoka mbio akiwa bado na kisu mkononi, akakitupa nyasini.

Walimweka Baba kwenye kiti cha mbao, kirefu cha wageni walichokitoa bomani, na fito mbili chini yake. Wazee wawili walishika nyuma. Mzee Kirui alishika mbele, peke yake, fito zote mbili mabegani. Mlima ule ni mkali. Nilikimbia nyuma yao nikilia, na njia nzima Mzee Kirui alikuwa akimfokea Baba bila kugeuka: "Ongea, nyapara! Ongea! Usilale! Nitukane kama unataka, lakini ongea!" Nilidhani bado ana hasira. Nilidhani hata mtu akiwa mgonjwa hawa watu hawasamehe. Wengine walipotaka kupumzika, yeye alikataa.

Daktari mwembamba alipatikana. Baba alilala dispensari siku nne, kisha akarudi nyumbani, mwepesi kidogo na mpole zaidi. Kwangu hakusema chochote. Si asante, si pole, si ulikuwa na haki. Nilingoja neno hilo miaka mingi, na nawaambia bila aibu kwamba sikulipata.

Kabla ya mwaka mpya Mama Chebet alikuja na kikapu cha managu na mboga nyingine za kwao, zimechambuliwa tayari, na nyama kidogo isiyo na hata alama ya mafuta. Alinikuta nafua nguo nje. Akachutama karibu na beseni.

"Moraa, siku ile ungeniambia mlangoni," akasema. "Jikoni ni kwangu. Ningepika ingine, na hakuna mwanamume angejua."

Kuanzia hapo, kila Krismasi tulikula kwa Mzee Kirui, na kila Krismasi Mama Chebet alimwekea Baba mboga nyingi na kipande kimoja cha nyama, na Baba alimaliza bila kunung'unika. Kwa Mama alinung'unika. Kwangu alijifanya kiziwi. Kwa Mama Chebet alikula kama mtoto wa shule. Aliishi miaka kumi na saba zaidi, na hilo bado linanifurahisha na kunikera kwa kipimo kimoja.

Baba alipofariki nilikuwa mtu mzima, nina watoto. Mama Chebet, mzee sasa na mjane, alikuja matangani, na tukiwa tunachambua mboga nikamwambia kwamba Mzee wake alikuwa mtu wa roho ngumu, kumfokea mgonjwa vile mlima mzima.

Aliweka mboga chini akaniangalia kana kwamba nimeanza kuongea lugha nyingine.

"Wewe mtoto," akasema, "wewe ndiye ulisema mbele ya wazee watatu kwamba tutamuua. Halafu akaanguka. Kama angekufa siku ile, nani angesema ni moyo? Kambi yote ingekuja kwetu. Ndugu yake Mzee, mmoja wa wale wazee watatu, alimshika mkono langoni, akamwambia asiende, aache mgonjwa aokotwe na watu wake, ili asionekane karibu naye."

Nilikumbuka mabega yale yenye fito, jasho lililolowesha shati lote mgongoni, na ile sauti ikiomba kutukanwa. Kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba siku ile kwenye mlima ni mimi peke yangu niliyeogopa. Kumbe nilikuwa nakimbia nyuma ya mtu aliyeogopa kuliko mimi, kwa sababu ya neno langu, na hakumtua Baba hata mara moja.