Lori Lisilovuka Sagana

Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke, ndevu na cheti cha kidato cha nne nilichokipata shule ya jioni, na bado niliamini kwamba lori letu likivuka daraja la Sagana litakufa. Si kuharibika. Kufa kabisa. Habari yenyewe ilikuwa hivi: lori lile liliundwa katika nchi ya theluji, kwa kazi ya kusukuma theluji barabarani, na ndiyo sababu lilikuwa na bamba la chuma mbele, pana kama mlango wa kanisa. Mzungu mmoja alilileta Naro Moru akidhani theluji ya Mlima Kenya hushuka mpaka barabarani. Theluji haikushuka, mzungu akarudi kwao, lori likabaki. Sasa, kwa kuwa injini yake ilizaliwa kwenye baridi, hewa ya joto ikiingia ndani vyuma huvimba, pistoni hukwama, na hapo hata umlete fundi wa ndege atavua kofia na kukupa pole. Mwisho wake ni Karatina. Ukijipa moyo, mbele kidogo. Daraja la Sagana ni kaburi.

Hayo aliyasema baba mara elfu tisa, mikono mfukoni, na kijiji chetu kizima cha Gatitu kiliyajua. Baba hakuwa mtu wa mzaha. Alipofariki aliniachia lori, funguo mbili, na hayo maneno.

Lori lenyewe lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba muda mrefu hivi kwamba kuku walikuwa na kizazi cha tatu ndani ya kebini. Nililifufua mwenyewe. Sakafu ya kebini niliikata kwenye mabati yaliyobaki tulipoezeka jiko. Springi za nyuma nilizitoa kwenye trela iliyokufa huko Kiganjo, nikazibeba moja moja, na mpaka leo bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Pampu ya dizeli niliifungua na kuifunga mara nyingi hadi nikawa naota nikiifunga. Nilipofika kwenye bamba niliona limeshikizwa kwa alama za kuchomelea zilizokaa kombo kama mshono wa mtoto. Nikajiambia, wazungu nao huchoka.

Kazi ilikuwepo, na niseme ukweli, ilikuwa kama ya theluji. Huko juu kwenye majani chai, karibu na msitu, mvua ya mawe hunyesha mpaka barabara inakuwa nyeupe, halafu ile barafu inachanganyika na udongo mwekundu, na magari ya kubeba chai yanakaa chini kama ng'ombe waliokataa kukamuliwa. Kuna siku yalianguka mawe makubwa kama viazi, jogoo wa jirani akapigwa moja akasahau kuwika wiki nzima. Mimi hupanda na lori, nashusha bamba kwa winchi ya kuzungushwa kwa mkono, nasukuma barafu na tope kando, na wakulima wanasimama na vikapu vyao wakiniangalia kama mwokozi. Siku kama hiyo unajiona mkubwa.

Lakini siku nyingine zote nilikuwa mbuzi aliyefungwa kwa kamba. Juu, kamba iliishia Nanyuki, maana mbele yake kuna joto la kaskazini. Chini, Karatina. Katikati nilizunguka, nikatafuna nyasi ileile. Mtu akiniita kazi Thika, siwezi. Akiniita Embu, siwezi. Nikiliacha lori siku tatu bila kuliwasha, betri inanuna. Msimu wa mvua sikuthubutu hata kwenda harusi ya mbali, maana mawe hayatoi taarifa. Mke wangu aliwaambia wageni kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza amelala huko nje chini ya turubai.

Sokoni Karatina kulikuwa na mama mmoja muuza vitunguu ambaye hakuniacha nipite salama.

"Dereva wa barafu, nipelekee gunia kumi Mwea."

"Hii gari haiendi huko, mama."

"Kwani ikifika Sagana itayeyuka?"

"Itakufa."

"Na wewe?"

"Mimi niko ndani yake."

"Basi muzikwe pamoja. Nitaleta vitunguu."

Nilicheka na wengine. Lakini Mwea ndiko alikokuwa mama yangu, na hilo halikunichekesha.

Mama alikuwa ameshuka huko baada ya kifo cha baba, kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Dada anaishi kwenye shamba la ndugu zao, ambao ni wajomba zangu. Aliondoka na mkoba mmoja, akasema mwezi. Mguu ukapona, lakini kufikia hapo alikuwa amepanda mahindi, na mtu hawezi kuacha mahindi. Baada ya mahindi akanunua ng'ombe. Miaka ikaenda. Kwetu, mjane akikaa kwa ndugu zake muda mrefu, watu huanza kusema amerudi kwao, yaani ameiacha nyumba ya mumewe. Kule Gatitu walianza kusema. Nyumba yake ilikuwa hapo kando ya yangu, jiko baridi, na kila aliyepita aliuliza kwa sauti ya huruma, ile ya kukuchokonoa.

Mama aliyasikia. Akanipigia simu.

"Nataka kurudi kwangu. Lakini siwezi ingia kwa boma yangu na mkoba, kama mgeni. Nitarudi na lori ya baba yako, mchana, watu wakiona. Niko na kitanda, niko na kuku, niko na ng'ombe. Unakuja lini?"

Nikasema breki zina shida kidogo. Baada ya Pasaka nikasema klachi. Baada ya mavuno nikasema tairi. Sikumwambia habari ya joto, kwa sababu niliona haya: mtoto wake wa kiume, mwenye lori, anayeshindwa na daraja. Nikamwambia ninaweza kukodi gari lingine. Akasema, "Gari ya mtu mwingine itasema mimi ni wa nani?" Akakata.

Na usidhani sikujaribu. Mwaka mmoja, bila kumwambia mtu, niliamka asubuhi nikateremka. Nilipita Karatina nikiimba. Nilipokaribia Kibirigwi mshale wa joto ulikuwa umelala upande wa nyekundu, na rejeta ikafoka mvuke mwingi hivi kwamba nafikiri Sagana walidhani kumenyesha. Nilikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu. Nikageuza. Sasa nilikuwa na ushahidi, na mtu aliyesoma shule ya jioni huheshimu ushahidi kuliko watu wote.

Halafu mwaka huu, bamba likapasuka. Nilikuwa nimegonga jiwe chini ya barafu. Nililipeleka kwa fundi wa kuchomelea hapo Gatitu, akalishusha lote, akasema nirudi baada ya wiki. Lori bila bamba lilionekana kama mzee aliyetoa meno.

Jumatano ya wiki hiyo alinipigia yule dada wa mama, ambaye tangu utoto namwita tata.

"Mama yako ameuza ng'ombe."

"Kwa nini?"

"Anasema hakuna haja. Na jana alitembea kwa shamba na mjomba wako. Ameonyeshwa mahali."

"Mahali pa nini, tata?"

"Wewe si umesoma?"

Nilikaa juu ya jerikeni. Mahali pake pa kuzikwa pako Gatitu, kando ya baba, na baba mwenyewe alikuwa ameacha nafasi. Nikamwambia mke wangu yote, hata ile ya Kibirigwi ambayo sikuwahi kumwambia. Alikuwa anachambua sukuma wiki. Hakuinua kichwa.

"Nenda," alisema. "Ikikufa, ikufie huko. Lakini mama arudi."

Jumamosi niliondoka kukiwa kumepambazuka, na madumu sita ya maji nyuma, spana zote, na maombi. Karatina nilipita bila kuimba. Kibirigwi nilipita jicho moja likiwa kwenye mshale. Mshale ulikuwa katikati, umetulia kama mtu anayesubiri chai. Nikaugonga kwa kidole, nikidhani umekwama. Kabla ya daraja la Sagana nilisimama, nikashuka, nikashika boneti kwa mkono. Ilikuwa na joto la kawaida. Na hapo, nikiwa nimesimama mbele ya lori, upepo ukinipiga kifuani, ndipo nilipoona rejeta yote iko wazi. Kwa miaka yote nilikuwa nikisafiri na bamba limeinuliwa mbele yake, nikiliziba pua, kisha nikishangaa kwamba halipumui. Bado sikuamini. Nilivuka daraja nikiwa nimefungua mlango, tayari kuruka.

Lori halikufa. Lilivuka, likafika Makutano, likakata kushoto, likaingia Mwea kwenye joto la kufanya hata mijusi watafute kivuli.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akichagua mawe kwenye mchele. Alitazama lori, akanitazama mimi, akaweka ungo chini. Alilizunguka polepole, akapitisha kiganja kwenye ubao wa pembeni, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyempotea.

"Umechelewa," alisema.

"Nimechelewa, mami."

"Breki zimepona?"

Hapo nikamwambia. Nikaeleza theluji, mzungu wa Naro Moru, vyuma kuvimba, daraja, kila kitu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia jinsi yanavyosikika. Mama hakucheka. Tata alicheka mpaka akashika ukuta.

"Theluji gani?" mama aliuliza. "Hii gari ni ya hapa. Ilikuwa inabeba mpunga. Baba yako aliinunua hapo ng'ambo ya mfereji, wewe ukiwa tumboni, na tukapanda nayo juu jua likiwa kali kuliko hii. Bamba ni fundi wa Karatina aliiweka, sababu ya matope ya huko kwa chai. Hayo maneno ya joto alitunga kwa sababu ndugu zangu wa hapa walikuwa wanakuja kuikopa kila wiki, waiteremshe huku. Shika kitanda huko mwisho."