Barafu Juu ya Sinia la Pilau

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuogopa maranda. Naona haya hata kuliandika, maana mpaka leo nikipita Faza kuna mzee mmoja ambaye akiniona tu hukusanya kanzu yake magotini.

Siku ya harusi ya dada yangu, hapa kwetu Mbwajumali, nilikabidhiwa kazi moja, barafu ya sharbati, na niliiomba mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimetazama video tatu nzima kwenye simu kuhusu usafi wa vinywaji (fundi wa kujifundisha hana wa kumkataza). Donge likaja kwa pikipiki kutoka Faza, kubwa kama mto wa kulalia, limezikwa kwenye maranda ya mbao ndani ya gunia. Shangazi yangu Bi Zainabu, aliyekuwa akipika, akaniambia nisiitoe, "Iwate papo gunini mpaka wageni wanawe mikono."

Lakini mimi nikawaza randa moja likielea kwenye gilasi ya baba wa bwana harusi, yule mzee wa Faza, nikalitoa donge, nikalisuuza, nikatafuta mahali safi, mbali na mchanga na paka. Nikaona sinia lililofunika sufuria ya pilau. Makaa ya juu yake yalikuwa yameshakung'utwa. Nikapangusa jivu kwa kitambaa kibichi, sinia likalia chwaa, nami (Mungu anisamehe) nikadhani hiyo ndiyo sauti ya usafi.

Donge halikukaa. Lilitoa mvuke, likaelea juu ya maji yake lenyewe, likazunguka taratibu kama mgeni anayetafuta pa kuketi, na kwa kuwa sufuria ilikuwa imeinama kidogo kwenye mafiga, likateleza, likaanguka, likashika mteremko wa ua mpaka kwenye mikeka ya wanaume, mimi nyuma yake na kitambaa changu, likatua mapajani kwa baba wa bwana harusi.

Akalitazama, akanitazama mimi.

"Bwana," akasema, "kwenu barafu ndiyo hukaribisha wageni?"

Mikeka yote ilicheka. Bi Zainabu hakucheka, alikuwa akichungulia pilau iliyoingia maji. Barafu iliyobaki ilikuwa kama ngumi, imejaa mchanga. Dada yangu alikunywa sharbati vuguvugu siku ya harusi yake, akaniambia ni tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu hapo barafu yangu hukaa gunini, na kila chombo nakigusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Randa likielea, nalitoa kwa kijiko.