Mwalimu Breki Ajifunza Kukaa Kiti cha Abiria

Saa moja asubuhi, uwanja wa nyuma ya ghala kuukuu bado una umande. Gari dogo jeupe lenye kibao cha herufi L juu ya paa linasogea kama mtu anayetembea pekupeku kwenye kokoto. Kwenye usukani yupo muuza vitambaa wa makamo, kakunja uso, macho yote kwenye pipa la njano lililo mbele yake. Na gari, bila aibu, linalifuata pipa lile lile.

"Usilitazame pipa, mama. Tazama unakotaka kwenda," anasema mwalimu aliyeketi kando yake.

"Nisipolitazama si nitaligonga?"

"Ukilitazama ndiyo utaligonga. Mikono hufuata macho."

Muuza vitambaa anainua macho. Pipa linapita pembeni, salama salimini. Mama wa watu anashangilia hadi anaisahau klachi, na gari linazima. Mwalimu anacheka. Muda wote mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu, lakini hakuikanyaga.

Wanafunzi humwita Mwalimu Breki. Ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, na kumi na miwili ya mwisho ameimalizia kwenye kiti hiki. Sifa yake ni moja: hamnyang'anyi mwanafunzi usukani.

"Ukimkanyagia mtu breki kila saa, hatajua kusimama mwenyewe," anasema. "Mimi nakanyaga pale tu panapokuwa na hatari ya kweli."

Maneno ya busara hayo, na waliolipa ada wameyafaidi. Ila kinyozi hajinyoi. Mwalimu huyu huyu, akishuka garini jioni na kurudi kwa mwanamume wake, alikuwa akikanyaga pedali zote peke yake.

Wa kwanza alikuwa mpiga gitaa, mtanashati, hodari wa kuahidi na hodari zaidi wa kulala. Breki ndiye aliyemwamsha, aliyempigia pasi, aliyemwombea radhi kwa wenye bendi. Wa pili alikuwa fundi magari aliyegombana na kila bosi aliyempa kazi. Kwa miaka mitano, nusu ya mshahara wa Breki ilikwenda kumtoa kwenye balaa zake. Siku aliposimama vizuri na kupata gereji yake, akahamia kwa mwanamke mwingine. Wa tatu Breki hataki hata kumsimulia.

"Yule mwache tu, tusiharibu siku," anasema, akipunga mkono.

Kisha anaeleza. "Nilikuwa nawaokota. Mwanamume mwenye akili zake na shati lililonyooka akinisemesha, namwona kama ukuta. Ila aje mmoja amechakaa, ana habari ya kusikitisha, basi! Moyo unaruka."

Rafiki yake wa tangu utotoni, msusi asiyejua kuficha neno, ilifika siku akachoka. "Mwenzangu, wewe hutafuti mume," alimwambia mbele ya wateja. "Wewe fungua gereji." Breki alicheka pamoja na saluni nzima, kisha akatoka uani akalia.

Wiki hiyo hiyo akaenda kituo cha afya cha jirani kumwona mshauri nasaha. Alijiandaa kuwasema wanaume wake mmoja mmoja. Mshauri hakuuliza habari zao. Alimuuliza, "Kwenu nani alikuwa wa kwanza kukuhitaji?"

Breki alikuwa na miaka tisa. Mama alifanya kazi zamu za usiku, na baba alipenda kinywaji. Binti ndiye aliyemvua baba viatu, akamfunika, akakaa macho kusikiliza kama bado anapumua. Na baba, pombe zikimtoka, alimwambia kwa mapenzi kabisa, "Bila wewe, mwanangu, ningekuwa nimeshakufa."

"Sijawahi kuambiwa maneno matamu kama yale," anasema Breki. "Mshauri akaniambia, 'Pale ulijifunza kwamba kupendwa ni kuhitajiwa.' Nikakaa pale kama niliyemwagiwa maji."

Kujua ni jambo moja, lakini mazoea yana taabu. Alikaa mwaka na nusu bila mtu. Ndipo fundi bomba mmoja, mgane, alipokuja kuziba bomba la ofisi ya shule ya udereva. Mtu mtaratibu. Akisema atapiga simu saa mbili, saa mbili simu inalia. Ana kazi, ana chumba kilichofagiwa, analala na anaamka bila msaada wa mtu.

Breki akaingiwa na wasiwasi. "Nikasema, huyu anaficha nini? Mwanamume mzima hana tatizo hata dogo la kuanzia?"

Utulivu ule ulimtisha, naye akaanza kutia mchanga kitumbua chake mwenyewe. Akamnunia mwenzake kwa kuwahi. Naam, kwa kuwahi! Kisha akaacha kupokea simu zake, karibu wiki nzima.

Fundi bomba hakuja kwa vishindo. Alisimama mlangoni jioni moja, kofia mkononi. "Kama hunitaki, niambie niende," alisema. "Kama unaogopa, niambie nisubiri. Kubahatisha tu ndiko siwezi. Hata bomba, mwenye nyumba hunionyesha panapovuja."

Breki akapiga moyo konde. "Naogopa," akajibu. Anasema hajawahi kutamka neno zito kama hilo.

Tangu hapo wanajifunza. Kwenye pikapu ya fundi bomba, mguu wa Breki bado hukanyaga sakafu kila kona, ukitafuta breki isiyokuwepo. "Pole na mguu," fundi humtania. "Utanitoboa gari."

Mtihani wenyewe ulikuja miezi mitatu iliyopita. Fundi bomba alinyang'anywa kazi kubwa aliyokuwa akiitegemea, akaja kwa Breki, akaketi, akaanza kueleza. Kabla hajamaliza kusimulia, Breki alikuwa ameshashika simu. Anamjua meneja fulani, ana akiba kidogo, ana mpango mzima kichwani.

"Na moyo ulikuwa unaruka kwa furaha," anakiri. "Hapo ndipo nilipojiogopa. Mtu ninayempenda ameumia, na mimi nafurahi, kwa sababu sasa atanihitaji!"

Fundi alimwambia kwa upole, "Weka simu, mpenzi. Kazi nitaitafuta. Wewe kaa hapa na mimi."

Akaiweka. Akakaa. Mikono ilimwasha kwa kukosa la kufanya. Fundi akamwegemea begani, wakawasikiliza watoto wa jirani wakigombania mpira mpaka chai ikapoa. Hakuna kilichotatuliwa jioni ile.

"Nililia," anasema. "Sikuwahi kukaa na mtu bila kumfanyia kitu, halafu bado akataka niwepo."

Wiki chache baadaye fundi alipata kazi nyingine, kwa jitihada zake. Breki, kwa upande wake, hadai kwamba amepona. Zipo asubuhi anajikuta ameshika simu ili amwamshe mtu mzima ambaye yuko kazini tangu saa kumi na mbili.

Sasa ana mpango mmoja, nao unamtoa jasho: Jumapili hii anampeleka fundi bomba kwa mama yake. Mama ameshaletewa wakwe watatu, na kila mmoja alitanguliwa na maelezo marefu. Ndiyo maana alipopigiwa simu, alishusha pumzi kwanza.

"Haya. Na huyu umemtoa shimo gani?"

"Hakuna shimo, mama. Amekuja kwa miguu yake."

Mama huyu amezoea bintiye afike mapema, apike, apakue, aoshe vyombo, aondoke amechoka. Safari hii akasema:

"Basi mje saa saba. Na jikoni kwangu usikanyage. Siku hiyo wewe ni mtoto wangu tu. Nitakupakulia mimi."