Picha ya Bibi Chini ya Kibao cha Sabuni

Usiku ule sikuwa nimekusudia kulala Itigi. Asubuhi yake nilitoka Tabora bila mpango wowote. Nilifunga mkoba, nikaenda stendi, nikapanda basi la kwanza nililolikuta limewashwa. Kondakta akaniuliza, "Kaka, unashuka wapi?" Nikamwambia, "Nitakapochoka." Akacheka, akasema hiyo stendi haipo kwenye kitabu chake cha tiketi. Nilichoka Itigi, nikashuka.

Mimi hukusanya picha za zamani zenye vibao. Sitaki picha za harusi wala za watu waliokaa studio mbele ya pazia lenye maua, nataka zile ambazo nyuma ya watu kuna maandishi: tangazo la betri ukutani, bati la soda juu ya mlango wa duka, ubao wa kinyozi aliyejiandika KINYOZI ASIYE NA HARAKA. Shule niliiachia darasa la tano. Mengi niliyosoma baada ya hapo niliyasoma kwenye kuta za miji, na mpaka leo nikiona kibao sipiti bila kukimaliza. Kibao huniambia watu wa mahali pale walikuwa wakitamani nini, wakiogopa nini, wakikatazana nini. Picha hizo ninazo boksi tele, zimewekwa kwa jamaa mbalimbali, maana mimi mwenyewe sina ukuta wa kuzitundika.

Lakini safari hii nilikuwa na picha moja tu kichwani. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyetulea mimi na dada yangu Mwajuma. Aliuza chai na vitumbua karibu na stesheni, chini ya bati la tangazo la sabuni lenye mwanamke anayecheka huku ameinua shati jeupe. Bibi alikuwa hapendi kupigwa picha. Alisema mtu akishabaki kwenye karatasi, watu hawamkumbuki tena, wanaikumbuka karatasi. Siku moja akapita mpiga picha aliyekuwa akifuata reli na baiskeli yake. Akamdanganya Bibi kwamba anapiga bati, si mtu. Bibi akaendelea kukaanga vitumbua. Hiyo ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa, na sisi hatukuipata. Mpiga picha alisema ataileta akirudi, na hakurudi.

Sasa dada Mwajuma sukari imempanda machoni. Yuko Dodoma, na daktari amemwambia ajiandae. Aliponipigia hakulia. Alisema, "Bakari, wewe unayeokota makaratasi ya watu, niokotee ya Bibi. Nataka nimwone mara moja kabla taa haijazimika." Tangu hapo nilizunguka vituo vya reli, nikiuliza wapiga picha wa zamani na wajane wao.

Itigi nikapata gesti ndogo nyuma ya soko. Mhudumu wake, binti anayeitwa Neema, aliposikia ninachotafuta akanielekeza nyumba ya tatu. Hapo nikamkuta mjane wa mpiga picha. Mume wake, kumbe, alikuwa na baiskeli, na kweli alikuwa akifuata reli. Mama yule akaniambia sanduku la picha lipo, lakini ufunguo wa chumba anao mwanawe, aliyeko shamba. "Njoo kesho asubuhi ukishakunywa chai," akasema. "Na usichelewe, maana mchana anakitoa kila kitu cha chumbani anachoma, amepata mpangaji."

Nikarudi gesti, nikalala nikiwa na furaha ya mtu ambaye ameshika mkia wa kitu.

Na hapo ndipo nilipoota.

Nilikuwa nimetoka tena asubuhi, bila mpango, na mkoba ule ule. Nikaingia mtaa ambao sijawahi kuufikia, lakini kila kibao chake nilikuwa nakijua. Pale betri. Pale soda. Pale TUNATENGENEZA MIAVULI NA MAJIKO. Ulikuwa mtaa wa picha zangu zote, umeunganishwa nyumba kwa nyumba, wote rangi ya majivu. Chini ya kila kibao alisimama mtu. Niliwapita nikisoma juu ya vichwa vyao. Yule kinyozi asiye na haraka akaniita, "Bwana wee, habari za asubuhi ni bure!" Nikaona aibu. Nikamwitikia, na ndipo nilipogundua ana kovu kidevuni, na kwamba katika miaka yote niliyokuwa na picha yake sijawahi kuliona.

Nageuka, mtaa haupo. Niko stesheni. Bati la sabuni lile pale, mwanamke wake anacheka, shati lake jeupe. Chini yake kuna jiko lenye moto na kikaango chenye mafuta yanayochemka, na kigoda kitupu. Nasubiri. Vitumbua vinaungua na hakuna wa kuvigeuza. Navigeuza mimi, kwa vidole, na sihisi moto.

Kisha nimechoka, kama mtu anavyochoka ndotoni, ghafla na bila sababu, nami natafuta pa kulala. Mbele yangu mlango wa gesti. Ndani kuna kaunta, na nyuma ya kaunta mtu anakunja mashuka. Ameinua shuka kwa mikono miwili, simwoni uso. Naona vidole tu. Navijua vidole vile.

"Hodi," nasema.

"Hodi ya nani? Ya mpangaji au ya mpita njia?"

"Bibi."

"Bibi yako nani? Mimi mkeo. Mara hii umenisahau, mwanamume mbaya wewe."

Ndivyo alivyokuwa akinitania tangu nikiwa mtoto, ananiita mume wake na kunigombeza mbele ya wateja kwamba simnunulii khanga. Nikazunguka kaunta ili nimwone. Kila nilipozunguka, shuka nalo lilizunguka.

"Bibi, teremsha shuka. Dada anataka sura yako."

"Ataifanyia nini?"

"Aiangalie. Macho yake yanafunga."

Mikono ikasimama. Shuka likatulia katikati yetu kama ukuta.

"Bado anaona?"

"Bado kidogo. Kitu kikiwa karibu."

"Na hicho kidogo," akasema, "wewe unataka akitumie kwa maiti."

Nje nasikia treni, au ni mvua juu ya bati. Bibi anakunja shuka moja, anachukua jingine, na katikati ya kuliweka lile na kuliinua hili nadhani nitamwona, lakini taa hapo inafifia, inarudi amekwisha kujifunika. Anazungumza polepole, kama anayehesabu chenji ya mteja mjinga.

"Mwajuma alinilisha nilipokuwa siwezi kuinua kijiko. Akanikosha mwenyewe siku ya mwisho, hakumwachia mtu. Hana haja ya karatasi kujua pua yangu ilikaa wapi. Mimi alinishiba. Wewe je? Wewe amekuona lini?"

Natafuta. Nafungua mkoba wangu juu ya kaunta, natoa picha, moja baada ya nyingine, betri, soda, miavuli, kinyozi, naziweka mbele yake kana kwamba jibu limo humo. Katika zote mimi simo. Siku zote nilikuwa nimekwishapita.

"Nimechoka, Bibi," nikasema. "Nipe chumba. Nitalala hapa kwako, kesho nitakwenda."

"Vyumba vimejaa."

Nyuma yake kuna ubao, na ufunguo unaning'inia kila msumari.

"Funguo zote ziko ubaoni."

"Ziko. Zina wenyewe, hawajafika tu. Wa kwako haupo." Sauti yake ikawa kali, ile ya kufukuza mbuzi kwenye unga. "Toka, mume wangu. Toka, usinizoee. Nenda kwa dada yako ukaonekane, angali na macho."

Akalirusha shuka. Likanijia lote, jeupe, likanifunika kichwa na mabega, na ndani yake mna harufu ya iliki na moshi wa kuni. Nikapapasa nimshike. Nikashika kitambaa tu.

Nikaamka na shuka la gesti limenizingira uso. Kulikuwa kumekucha. Nje Neema alikuwa akifagia. Nilipofungua mlango akaacha ufagio akanitazama.

"Shikamoo. Ulikuwa unaomba chumba kwa sauti kubwa, na chumba umeshapewa. Nikasema mgeni wetu huyu, labda godoro halikumridhisha."

Ndoto ya marehemu haisimuliwi kwa kila mtu, husimuliwa kwa anayekutakia heri. Sikumjua Neema vya kutosha, lakini alikuwa na uso wa heri, na hakukuwa na mwingine. Nikamsimulia, kwa kifupi.

Hakucheka. Aliuliza maswali ambayo mama yangu angeuliza. "Alikupa chakula?"

"Hapana."

"Alikushika mkono, akakwambia twende?"

"Alinifukuza."

"Alhamdulillahi," akasema, ingawa shingoni alivaa rozari. "Akikufukuza anakupenda. Ungepewa ule ufunguo tungekuwa tunazungumza mengine." Akachukua ufagio, akafagia mara mbili, akaacha tena. "Basi la Dodoma ni moja tu kwa siku, na halijapita. Na yule mama wa picha anafungua baadaye, mwanawe mwenyewe hajatoka shamba. Huwezi vyote viwili."

"Najua."

"Na jioni sanduku litakuwa majivu."

"Najua, Neema."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Nyumba ya tatu ilikuwa inaonekana pale nilipokaa, mlango wake wa bati umefungwa. Miezi yote niliyozunguka sikuwahi kuukaribia mlango kama ule. Huenda Bibi alikuwa mle ndani kweli, amekaa kwenye kigoda, ameinamia kikaango, hajui kwamba anapigwa. Huenda mlikuwa na harusi za watu na panya. Nitakapokufa nitakuwa sijui.

Nikamwomba Neema anisemee kwa yule mama, anitolee hata konzi moja ya zile picha kabla hazijachomwa.

"Nitamwambia," akasema. "Lakini yule hasubiri mtu, usinilaumu."

Nikampigia dada. Alipokea haraka, kama aliyelala na simu mkononi.

"Umeipata?"

"Sijaipata. Nakuja mwenyewe. Naingia jioni."

Nilisikia redio nyuma yake, na mtu akimwaga maji. Niliogopa ameumia, kwamba nimemnyima kitu pekee alichoniomba.

"Wewe, mwenyewe?" akasema mwishowe. "Utakaa, au unapita?"

"Nitakaa."

"Bakari, usinidanganye mimi mgonjwa."

"Nitakaa, dada."

"Haya. Nitakuja stendi, mtoto wa jirani atanishika mkono. Lakini sikiliza, mdogo wangu, usiniletee zile shati zako za rangi ya vumbi, nitakupita kama nguzo. Vaa kitu chekundu. Nyekundu bado inanifikia."

Sikuwa na nguo nyekundu hata moja. Neema aliyasikia yote, maana dada huongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Akaingia ndani bila kuulizwa, akatoka na fulana nyekundu ya mpira wa miguu iliyosahauliwa na mpangaji, imefuliwa. Nikaivaa pale pale ngazini, ikanibana mabega. Basi lilikuwa linapiga honi barabarani.