Sweta Nilizopoteza Tigania

Sisi tuliokulia Tigania wakati maziwa ya shule yalikuja kwa pakiti za pembe tatu tuna utamu wetu ambao watoto wa leo hawawezi kuuelewa. Ulikuwa unang'ata kona moja ya pakiti, unafyonza mpaka mashavu yanaingia ndani, halafu unaipuliza ijae hewa, unaiweka chini na kuikanyaga kwa kisigino. Pwaa! Darasa zima la nne likikanyaga kwa pamoja, mwalimu wa zamu alitoka ofisini mbio, akatukuta tumekaa kimya kama watu wanaongoja ushirika mtakatifu. Nilipomsimulia mwanangu Mwenda, ambaye yuko chuo, aliniuliza kama hatukuwa na kitu kingine cha kufanya. Hebu msikie! Kijana ambaye simu ikizima chaji anazunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kazi tulikuwa nazo tele. Asubuhi tulipanda mlima miguu mitupu, umande ukituuma vidole, kila mmoja na kibuyu au mtungi wa lita tano wa maji ya kunyunyizia sakafu ya darasa. Ijumaa ilikuwa siku ya kuleta samadi mbichi ya ng'ombe, tukaipaka sakafuni kwa mikono, na Jumatatu darasa likanukia zizi na majani. Chakula cha mchana kilikuwa githeri baridi ya mahindi na maharagwe kutoka nyumbani, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, mahindi yakiwa magumu kiasi cha kusikika ukitafuna. Jioni wasichana walifunga blada, kamba za mpira wa ndani ya gurudumu, kwenye miguu na kuruka, na pale uwanjani tulicheza kati: wawili wanarusha mpira wa makaratasi, wa katikati anakwepa. Mimi nilikuwa bingwa wa kati. Hapo ndipo palikuwa mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyeniambia, "Nkirote, tulia."

Kwingine kote niliambiwa. Niliambiwa darasani, kanisani, mezani, hata kwenye mazishi. Macho yangu yalikuwa ubaoni lakini nilikuwa nafuata mchwa anayepanda ukutani, na mwalimu akiuliza swali nasimama bila kujua hata ni somo gani. Rula iligeuzwa upande wa makali, nikanyoosha vidole. Mama yangu alikuwa na msemo wake: "Huyu mtoto masikio yako hapa, roho iko Isiolo."

Halafu kulikuwa na sweta. Mwaka nilipokuwa darasa la tano nilipoteza sweta tatu za shule. Ya kwanza niliitundika kwenye ua wa mtu nikicheza. Ya pili sijui mpaka leo. Ya tatu Mama alishona jina langu mgongoni kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama za gunia la mbolea, akaniambia, "Sasa hata ukiipoteza, itarudi yenyewe." Haikurudi. Muhula wote uliobaki nilivaa koti la baba lililokatwa mikono, na ninyi mnaoijua baridi ya Julai upande ule wa Meru hamhitaji maelezo zaidi.

Siku moja nilitumwa Muthara kununua chumvi, sufuria ikiwa tayari mekoni. Karibu na maduka nilimkuta bibi mmoja amekaa mbele ya nyumba yake anasuka kiondo. Nikasimama kidogo nione anavyoanza kile kitako cha duara. Nilirudi nyumbani jua likizama, bila chumvi, lakini nikijua kusokota katani kwenye paja na kuanza kiondo kutoka mwanzo. Nilikuwa na furaha nusura nipae. Mama alinichapa kwa fimbo ya mti wa ua, na watu wote tukala githeri isiyo na chumvi. Kaka zangu waliniangalia kwa chuki mpaka sahani zikaisha.

Nimewaambia haya mcheke, na mimi nacheka. Lakini kwa miaka mingi sikucheka, kwa sababu yule msichana hakuachwa Tigania. Alikua, akaolewa na Mutwiri, mwanamume mtulivu kuliko maji ya mtungini, akafungua kibanda cha ushonaji Makutano, na akaendelea kupoteza vitu. Nilipoteza funguo, tepu ya kupimia, vitambaa vya watu. Nilikuwa nakata suruali ya mteja, nakumbuka mkoba wa mwingine, nauanza, nasikia nje watu wanaongea, natoka nione ni nini, na suruali naikuta baada ya miezi miwili chini ya mabaki ya vitambaa. Na bado mtu akiniletea kola yenye kazi ngumu, nilikaa nayo kutwa nzima bila kula wala kusikia honi za barabarani. Ndiyo maana watu walisema, "Huyu akitaka anaweza. Ni kutotaka tu." Hata mimi niliamini hivyo. Nilijiita mvivu kabla ya wengine kuniita.

Mwaka jana kwaya ya akina mama wa kanisa letu ilinipa kazi ya kushona magauni kumi na manane ya tamasha. Niliyakata yote. Nikashona kumi na moja. Kisha nikapata wazo la kutarizi maua kwenye kola ya gauni la mwenyekiti, Mama Kinya, nikazama humo siku nne. Asubuhi ya tamasha wanawake saba walipanda jukwaani na nguo zao za nyumbani, wakasimama mstari wa nyuma wakijificha migongoni mwa wenzao. Mama Kinya hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, sisi tulikuamini," akaenda. Afadhali angenitukana. Niliingia kibandani, nikafunga mlango, nikalia nikiwa nimekumbatia magauni saba yasiyo na mikono.

Aliyenitoa hapo ni mteja wangu, muuguzi tunayemwita Sista Kagendo. Nguo zake zilichelewa kila mara lakini alirudi kila mara. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaniambia, "Mama Mwenda, nikuulize kitu na usikasirike. Huku kusahau kwako kulianza lini?"

"Labda siku niliyozaliwa," nikamjibu.

"Basi njoo hospitali. Mimi sijui ni nini, lakini kuna watu kazi yao ni kujua."

Nilikwenda. Daktari kijana, umri wa kuwa mwanangu, aliniuliza maswali nusu saa, na kila swali lilikuwa kama amekuwa akikaa kona ya nyumba yangu akinitazama. Mwisho akasema huenda nina ADHD, hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo, inayofanya makini isitii amri: mara haiji ukiiita, mara haiondoki ukiifukuza. Akaniambia wengine huitambua wakiwa watu wazima, hasa wanawake. "Lakini mimi sitaandika kwamba unayo," akaonya. "Ni lazima uonwe na daktari bingwa wa akili, na foleni yake ni ndefu. Na akikuona, atataka kujua ulivyokuwa mtoto. Njoo na ripoti za shule kama zipo, na hii fomu ijazwe na mtu aliyekulea."

Nilitoka pale bila dawa, bila jibu kamili, na tarehe ya miezi mitano mbele. Lakini nilipofika karibu na uwanja wa Kinoru nilisimama kando ya barabara nikavuta pumzi mpaka tumboni. Neno lile "huenda" lilikuwa limenitua mzigo ambao sikujua kama huwa unatuliwa.

Kilichobaki kilikuwa Mama, na hapo niliogopa kuliko hospitali.

Nilimkuta uani kwake karibu na Muthara, amekaa na uteo, anachagua maharagwe. Ana miaka sabini na kitu na mikono yake bado ina kasi. Nilimweleza taratibu kwa Kimeru, lugha yetu ya nyumbani. Alipofahamu ni daktari wa nini, vidole vyake vilisimama.

"Hao si ndio madaktari wa wenda wazimu?"

"Ndio hao, Mama. Lakini mimi si mwenda wazimu."

"Na wanataka niandike nini? Kwamba nilimlea mtoto vibaya?"

"Wanataka tu kujua nilikuwaje."

Alitoa mawe mawili kwenye maharagwe, akayatupa. Kisha akaweka uteo chini, akaingia ndani, nikafikiri amekasirika. Alirudi na bahasha kubwa ya kaki iliyolainika kama kitambaa. Ndani zilikuwa ripoti zangu zote za shule ya msingi. Mimi niliyeshindwa kutunza sweta muhula mmoja, mama yangu alikuwa ametunza karatasi zangu miaka yote hiyo.

Tulizisoma pamoja. Walimu tofauti, kalamu tofauti, wimbo mmoja: Anaweza lakini hatulii. Anaota darasani. Msichana mwerevu, mzembe. Mama alipitisha kidole juu ya neno hilo la mwisho.

"Mwalimu huyu aliniita shuleni," akasema. "Aliniambia unafanya makusudi. Nilirudi nikakuchapa vibaya sana. Unakumbuka?"

"Sikumbuki hiyo, Mama. Zilikuwa nyingi."

Nilitaka acheke. Hakucheka. "Mwari wakwa," akaniita, binti yangu, jina ambalo hakuwa ameniita tangu harusi, "mimi nilidhani ni madharau. Nakutuma, unaitikia, halafu hufanyi. Nikajiuliza, huyu mtoto ananionaje? Kumbe hukuwa unanidharau."

"Sikuwahi, Mama. Hata siku moja."

"Sasa nimejua."

Alifuta uso kwa pindo la leso, akavuta kigoda karibu. "Haya, soma hiyo fomu. Uniulize nijibu."

Nilipofika swali la kama mtoto alikuwa akipoteza vitu, Mama alinitazama, akaitazama karatasi na ile nafasi ndogo waliyoacha, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na majirani wakachungulia juu ya ua. "Waambie waongeze karatasi!" akasema. Alinitajia majembe, ndama, Biblia ya katekista, kiatu kimoja cha ubatizo. Vingine sikuwahi kujua kwamba nilivipoteza. Tulicheka pale uani mpaka jioni, sisi wawili ambao kwa miaka arobaini tulikuwa tunaongea kwa tahadhari.

Tarehe yangu imeshaahirishwa mara moja, na bado nasubiri. Huenda bingwa akasema ndiyo, huenda akasema ni kitu kingine. Kwa sasa Mutwiri amechora siku za wiki ukutani mwa kibanda kwa chaki, kila nguo ya mteja chini ya siku yake. Nilimwendea Mama Kinya nikamweleza ukweli wote, nikamwomba aniruhusu kumaliza yale saba. Alifikiri, akasema, "Sawa, lakini kila Alhamisi nitamtuma mtu achukue moja. Usipolimaliza, atakaa hapo mpaka ulimalize." Wanawake walikuja kwa zamu, wakaketi, wakapiga gumzo, na kwa namna nisiyoielewa mashine ilienda vizuri mtu akiwa karibu. Yote saba yamevaliwa. Mama naye hunipigia simu kunikumbusha kliniki, na mara moja alinikumbusha miezi miwili kabla ya wakati. Mwenda alitazama video mbili kwenye simu akatangaza kwamba hata yeye anayo. Nikamwambia aanze kwa kuosha vyombo, halafu tutapanga foleni pamoja.

Nikiwaza enzi zetu, sitaki kuzipaka sukari kupita kiasi. Tulikuwa na mlima mzima wa kukimbia na mito ya kuogelea, na jioni ndefu ambazo hakuna mtu aliyejua tuko wapi. Lakini mtoto aliyekuwa kama mimi alipewa majina mawili tu, mjinga au mkaidi, akaenda nayo mpaka uzeeni. Wa leo ana bahati ya kupata mtu wa kuuliza ana nini. Namwonea wivu kwa hilo, ingawa namhurumia nikimwona amefungiwa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, ya orofa nne, uwanja wake ukiwa ngazi na kamba za kuanikia nguo. Laiti angepewa na mlima pia. Mimi mlima niliupata mapema, na mtu wa kuniuliza nimempata nikiwa na mvi. Kwa kuwa vyote viwili vilinifikia kabla mama yangu hajafumba macho, sioni sababu ya kulalamika.