Mama Winchi na Lori la Shemeji

Mama Winchi hana haraka na adui yake. Namjua vizuri, maana katika bandari hii mpya yeye anaendesha winchi juu, mimi nasimama chini na redio nikimwongoza.

Mumewe alipofariki, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimtupia vyombo nje mvua ikinyesha, akabadilisha kufuli. Baadaye mtaa mzima ukabomolewa kupisha gati la meli kubwa. Fidia ya nyumba ile akaila shemeji, akanunua lori. Mama Winchi akaomba kazi palepale palipokuwa kwake, akajifunza winchi, akangoja. Lori lile lingetafuta mzigo wapi, kama si bandarini?

Likaja. Hapa kwetu, kabla kontena halijashushwa, dereva hutoka na kusimama ndani ya mraba wa manjano uliochorwa chini, ili aonekane kutoka juu. Akitoka humo, kazi inasimama na lori linarudi mwisho wa foleni. Shemeji akasimama kwenye jua la utosi, kontena halishuki.

"Mkubwa, vipi huko juu?" akapiga kelele. Hakumjua.

Hilo ndilo lililomchoma Mama Winchi. Alitaka ajulikane, aombwe radhi. Akalirudisha kontena melini, akateremka, akavua kofia ngumu.

"Shemeji! Kumbe ni wewe?" Jamaa akacheka mpaka jino la mwisho. "Leo tumepata mtu wetu! Hebu nifanyie haraka."

"Vyombo vyangu ulivitupa nje kwa nini?"

"Vyombo gani tena? Wewe nawe!"

Mama Winchi akapanda tena juu ya winchi. Shemeji, kwa kuwa sasa ana ndugu juu, akaingia zake kwenye lori kupunga upepo.

"Dereva ametoka kwenye mraba," Mama Winchi akasema redioni. "Mwisho wa foleni."

Nikatangaza kwa sauti kubwa, tena kwa raha zangu. Alipofika mbele tena, jua likamshinda, akapiga hatua moja kufuata kivuli. Mwisho wa foleni! Meli ikaisha mzigo, lori lake likatoka getini tupu, yeye akitutukana sote.

"Dada, umemkomesha!" nikasema redioni.

Kisha nikamsikia analia.

"Hata hakumbuki, kaka. Mimi vile vyombo naviota mpaka leo, yeye hata hakumbuki."

Nikamwambia anyamaze, akija tena tutamkumbusha.