Besi ya Tatu, Saa Kumi na Mbili

Cheo cha kocha mkuu nilijipa mwenyewe, kwenye fomu ya kuomba uwanja. Karani wa chuo aliniambia kwamba barua ya kocha tu hakuna mtu angeisoma. Makocha wengine hawakuwepo, kwa hiyo sikuona nimemdhulumu mtu.

Nilikuwa nimerudi Juba mwaka wa pili baada ya mkataba wa amani, kama wanavyorudi watu mahali wasipopakumbuka. Nilikuwa na digrii ya Nairobi na mfuko wa turubai wenye glavu tisa, magongo matatu na mipira iliyoanza kuachia nyuzi. Chuo cha ualimu kiliniajiri kufundisha Kiingereza. Siku moja niliwauliza wasichana waliokulia Kenya kama mimi, ni nani kati yao amewahi kucheza softboli shuleni. Mikono saba ilipanda. Wengine tuliwafundisha wenyewe: unapiga mpira, unakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha unarudi ulipoanzia, mahali tunapopaita nyumbani. Ukifika nyumbani kabla wapinzani hawajakugusa kwa mpira, umepata pointi.

Darasani nilikuwa nawaambia wasikubali neno lolote bila kuliuliza lilikotoka, hata likiwa langu. Uwanjani niliwaambia kinyume. Ukiwa unakimbia, usitazame mpira, usitazame watu, sikiliza sauti yangu tu. Mmoja wao, mwembamba na mwenye mbio kuliko wote, aliniuliza kama hayo mawili hayapingani. Nilimwambia akimbie mizunguko miwili.

Uwanja wetu ulikuwa upande wa Bilpam, kando ya kambi ya jeshi. Tulipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Juu ya mabati ya kambi ilionekana bendera, na bendera ilikuwa na amri yake. Ilipopandishwa asubuhi na iliposhushwa saa kumi na mbili jioni, tarumbeta ililia, na kila aliyekuwa karibu alisimama alipo. Bodaboda zilizima injini. Mama mwenye ndoo kichwani alisimama na ndoo yake. Mwezi wangu wa kwanza niliendelea kutembea, na askari akanizaba kofi kabla sijamaliza kuuliza kwa nini. Tangu siku hiyo nilisimama kama wengine, lakini moyoni niliendelea kutembea. Niliona huo kuwa ushujaa.

Msimu wa pili mkuu wa chuo aliniita. Mgeni rasmi kutoka wizarani angekuja kuona michezo ya chuo, na timu ya mpira wa miguu ilikuwa imeshindwa na kila timu iliyokutana nayo. Akaniambia nikishinda mbele ya mgeni ataniandikia barua ya ukocha wa kweli, yenye mhuri, na timu itaendelea. Nikishindwa, mfuko wangu utaingia stoo na mimi nitarudi kwenye vitenzi. Nilimuuliza mchezo mmoja unawezaje kupima kazi ya misimu miwili. Akasema mgeni ana jioni moja tu.

Tuliowaalika walikuwa wanawake wa Uganda waliofanya kazi mjini: wa saluni, wa mapokezi ya hoteli za Thongpiny, wa vibanda vya sokoni. Wengi walikuwa wamecheza softboli shuleni kwao. Nahodha wao, mdakaji anayelinda nyumbani, alikuwa mama mwenye duka la mchele na sabuni, mzito wa mwili na mwepesi wa mdomo. Alipowaona wasichana wangu wakijinyoosha aliwauliza kama wamekuja kucheza au kusahihisha madaftari.

Mchezo ulipangwa kuanza saa tisa. Mgeni alifika saa kumi na nusu, akahutubia. Nilikuwa naitazama saa kuliko nilivyoutazama mpira. Ilipofika kumi na mbili kasorobo tulikuwa tumefungana nane kwa nane, na zamu ya mwisho ya kupiga ilikuwa yetu. Refa, mpima ardhi Mkenya, alinisogelea akaniuliza polepole kama tusimamishe hadi bendera ishuke. Mkuu wa chuo alikuwa ananitazama. Mgeni alikuwa ameanza kufunga vifungo vya koti. Nilimwambia refa tuendelee, tutamaliza.

Yule mwembamba alikuwa besi ya tatu. Mwenzake akapiga mpira wa chini, ukapita katikati ya walinzi wawili, na yeye akaondoka mbio. Mlinzi wa nyuma aliuokota akautupa nyumbani. Mpira ukiwa hewani, tarumbeta ikalia.

Uwanja mzima uliganda. Refa aliganda ameinama. Mpira ulitua kwenye glavu ya yule mama kwa sababu glavu ilikuwa tayari imefunguka, naye akabaki hivyo hivyo, kama nguzo. Msichana wangu alisimama pia, hatua tatu kutoka nyumbani, na macho yake yakanitafuta.

Nikapaza sauti: "Nyumbani!"

Alikimbia. Hatua tatu, akakanyaga besi, akasimama mbele ya yule mama, karibu kiasi kwamba mama angenyoosha mkono tu angemgusa kwa mpira. Hakuunyoosha. Tarumbeta iliendelea muda ambao sijui kuupima. Niliisikia sauti yangu masikioni, na niliona kando ya waya askari mmoja ambaye uso wake ulikuwa umegeukia kwetu.

Bendera iliposhuka alikuja moja kwa moja, fimbo mkononi. Aliuliza kwa Kiarabu cha Juba ni msichana gani aliyekimbia. Mgeni rasmi alikuwa ameona jambo la maana kwenye simu yake. Nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba nikisema mimi ndiye niliyepiga kelele fimbo itanigeukia mimi, na kwamba pointi itafutwa, na timu nayo itakwisha. Nilikuwa bado napima lipi linanitisha zaidi wakati yule mama alipofungua mdomo.

"Afande, huyu alishafika," alisema. "Alifika mbele ya tarumbeta. Mimi iko naye hapa hapa."

Askari akanigeukia mimi, kwa kuwa nilionekana mkubwa wao. Nikasema ndiyo, alikuwa amefika. Alimtazama msichana kuanzia viatu hadi nywele, akatuonya tusicheze tena saa hiyo, akaondoka taratibu. Refa alimuuliza mama kama pointi ni halali. Askari alikuwa bado hajafika kwenye waya.

"Andika," alisema mama.

Tukawa tumeshinda. Mkuu wa chuo alimpa mgeni mkono, kisha akanipa mimi. Wasichana hawakurukaruka. Yule mwembamba alikuwa amekaa chini akifungua kamba za viatu. Nilipomkaribia hakuinua kichwa.

"Kocha, si ungeniacha tu nisimame?"

Yule mama alinikuta nikikusanya glavu. Nikaanza kumshukuru, akanikata.

"Kesho asubuhi saa mbili," alisema. "Yeye anarudi besi ya tatu, mimi narudi nyumbani. Kama wewe iko mtu."

Tulienda. Hapakuwa na viti wala mgeni. Refa alichelewa kidogo akaja na chai yake kwenye chupa. Mpigaji yule yule alipiga, mpira ukaenda kushoto, si katikati kama jana, na yule mwembamba akaondoka besi ya tatu. Safari hii sikusema kitu. Alikimbia vizuri kuliko jana. Mpira ulifika kabla yake, na mama akamgusa bega kwa glavu, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Tuliendelea raundi moja zaidi. Wao walipata mbili, sisi hatukupata hata moja.

Nilienda kwa mkuu wa chuo na vumbi langu, nikamweleza yote: tarumbeta, sauti yangu, hatua tatu, asubuhi hii. Alisikiliza huku akipiga mhuri karatasi.

"Mgeni rasmi alikuwepo asubuhi hii?"

"Hakuwepo."

"Basi asubuhi hii hakukuwa na mchezo."

Akanisukumia barua kwa vidole viwili. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza timu, na nusu yangu ilikuwa imeanza kujivunia hasara hiyo. Niliisoma barua mara mbili. Ilisema kocha mkuu, kuanzia siku ya ushindi. Nilitaka kumuuliza ushindi upi. Niliikunja, nikaitia mfukoni.

Nje, chini ya dirisha la karani, wasichana tisa walikuwa wamekaa juu ya mfuko wa turubai na kando yake, wakingoja kusikia nimesema nini. Niliwaambia yote, pamoja na kwamba barua niliichukua. Yule mwembamba aliinuka, akaniomba niitoe aisome mwenyewe.